Mwenye Mpira wa Mkojo: Utunzaji Wake Nyumbani na Sala Yake

Katika masuali yaliyoletwa kwenye darsa yetu hapa Garissa, limo moja ambalo twaona haifai kulijibu kwa maneno mawili na kulipita. Muulizaji ni kijana amtunzaye baba yake nyumbani. Baba huyo ni mzee aliyepindukia miaka 70, mkojo wake ulifungwa kwa ajili ya tezi dume, akatiwa mpira hospitalini, akarudishwa nyumbani nao. Tangu siku hiyo ameacha kwenda msikitini. Maji hanywi tangu Alfajiri mpaka baada ya Isha, apate kuupunguza mkojo ndani ya mfuko. Kila wakati wa sala huamuru mfuko uvuliwe, mpira ufungwe kwa uzi, kisha mfuko urudishwe. Na mara mbili ameuvuta mpira usiku, damu ikatoka. Kijana auliza: Je, sala ya baba yangu yasihi? Na je, sisi tunaomtunza twafanya sawa?

Ndugu msomaji, hakika ya suali hili ni kuwa mzee anaidhuru nafsi yake kwa kuiogopea sala yake, na dini haikumtaka afanye hivyo. Twamjua mzee huyu, na wewe uliyeko Lamu, Malindi au Mombasa hwenda ukamjua wa kwenu, kwani ugonjwa huu wa wazee hauchagui mji. Kwa hivyo tutaeleza mambo mawili pamoja, twahara yake na utunzaji wa mpira wake, maana moja likiharibika huliharibu la pili.

Kwanza yafaa ijulikane mpira huu ni kitu gani. Ni mrija mwembamba, laini, upitishwao katika njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu. Ncha yake ya ndani ina kiputo ambacho muuguzi hukijaza maji safi, mara nyingi kadiri ya mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, ili mrija usichomoke. Ncha ya nje huunganishwa na mfuko. Wako wengine ambao mrija wao hupitishwa katika tundu dogo chini ya kitovu, na hukumu zao ni karibu na hizi. Mpira wenye kiputo wajulikana kwa jina la Frederic Foley, tabibu wa Marekani aliyeutengeneza katika miaka ya 1930. Lakini asije mtu akasema kuwa hili ni jambo geni lililozuliwa jana. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika juu ya mrija wa fedha wa kutolea mkojo uliofungika, na Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037 alieleza juu ya mirija laini ya ngozi. Matabibu wa Kiislamu waliutumia mrija miaka elfu nyuma, na mafakihi wa zama zao waliijua hali ya mtu asiyeweza kuuzuia mkojo wake. Hawakumwacha bila ya hukumu.

Ama hukumu yenyewe ni hii. Mwenye mpira ni katika jumla ya wale ambao hadathi yao ni ya daima, kama mwenye kutokwa na mkojo bila ya kujizuia na kama mwanamke mwenye damu ya istihadha. Asili yake ni khabari ya Fatima bint Abi Hubaysh, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kuwa damu haimkatiki, akaamriwa aendelee kusali na atawadhe kwa kila sala. Sisi watu wa pwani na ndugu zetu Wasomali sote ni Mashafii, na katika madhehebu yetu mtu wa namna hii hungoja wakati wa sala uingie, hujisafisha, hutawadha, kisha husali faridha yake na sunna azitakazo kwa udhu huo. Faridha ya pili huitawadhia tena. Akichelewa kidogo kwa maslaha ya sala, kama kujisitiri au kungojea jamaa, haimdhuru. Mkojo unaoendelea kushuka ndani ya mpira wakati wa sala hauibatilishi sala yake, na mfuko alioufunga mguuni ni wa dharura, amesamehewa kuubeba. Kwa Imam Malik hukumu ni nyepesi kuliko hii. Kuingia msikitini pia hakukatazwi madamu hapana khofu ya kuuchafua, na mfuko uliofungwa vizuri hauvuji.

Kwa hivyo sala ya mzee huyu yasihi, na yasihi bila ya uzi na bila ya kuvua mfuko. Hapa twataka tusimame kidogo, kwani hapa ndipo penye khatari iliyojificha. Mpira na mfuko ni njia moja iliyofungwa tangu kibofuni mpaka chini. Kila ufunguapo kiungo chake umevifungulia mlango vijidudu vya maradhi. Mwenye kukifungua kwa kila sala amekifungua mara 5 kwa siku, na kwa mwezi ni mara 150, na mikono yenyewe hwenda ikawa imetoka kushika birika au mlango wa choo. Na akiufunga mpira kwa uzi, mkojo hurudi nyuma na kujaa kibofuni, nao mzee hakutiwa mpira ila kwa sababu kibofu chake kilishindwa kujitoa. Yatosha kabla ya udhu kuumwaga mkojo kwa bomba dogo lililo chini ya mfuko, kulifunga sawasawa, kunawa mikono kwa sabuni, kisha kutawadha.

Jambo moja zaidi la sala: katika sijda mfuko uliofungwa mguuni huwa karibu sawa na kibofu, na mkojo waweza kurudi nyuma. Mifuko mingi ina kizuizi cha ndani kiuzuiacho usirudi, na sijda ni fupi, basi mfuko ukiwa mtupu hapana la kuogopa. Lakini mzee ambaye kila akisujudu mpira humvuta na kumwumiza, na asali juu ya kiti na mfuko ukining'inia chini. Mgonjwa amepewa ruhusa hiyo, na hatujui kwa nini wazee wetu huiona kama ni upungufu juu yao.

Sasa tuje kwenye maji. Garissa ni mji wa joto. Mchana hufika nyuzi 35 na kupita, na mwili hutoa maji mengi kwa jasho hata kwa aliyekaa kivulini. Asiyekunywa maji mkojo wake huwa mchache na mzito, rangi yake kama chai ya rangi, na chumvi zilizomo huganda ndani ya mpira kama magadi yagandavyo ndani ya birika. Mpira ukiziba mkojo hurudi nyuma. Mkojo mchache tena hauoshi njia yake, vijidudu vikakaa na kuzaana. Basi mzee adhaniaye kuwa kwa kiu ameupunguza uchafu, ameuzidisha. Mtu mzima mwenye mpira yafaa anywe kadiri ya lita 2 kwa siku, na katika joto letu hwenda akahitaji zaidi, ila yule ambaye daktari amempimia maji kwa ugonjwa wa moyo au wa figo. Kipimo chepesi cha nyumbani ni rangi: mkojo ukiwa mweupe wenye umanjano kidogo, maji yanatosha.

Pamoja na maji ni choo. Mtu mwenye choo kigumu, matumbo yake hulikandamiza kibofu na mpira, mkojo ukakatika au ukavuja pembeni. Apewe matunda, maharagwe na mboga pamoja na maji yake, na atembee kadiri awezavyo. Na miraa, ambayo katika mji huu yauzwa kila pembe, hufunga choo na huzidisha uzito wa kutoka mkojo. Hukumu yake si maudhui ya leo, lakini mwenye tezi dume aendeleaye kuitafuna anaupiga vita mwili wake mwenyewe.

Juu ya Ramadhani tumeulizwa pia. Mgonjwa wa namna hii na azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Akiambiwa kuwa kiu ya mchana itamdhuru, basi yeye ni mgonjwa mwenye udhuru, atalipa akipona, na kama haitarajiwi kupona atatoa fidya. Na ikiwa zamu ya kubadilisha mpira yaangukia ndani ya Ramadhani naye amefunga, na ibadilishwe usiku, kwani katika madhehebu yetu kutia kitu katika njia ya mkojo hubatilisha saumu, na wengine hawakusema hivyo. Kutoka katika khilafu ni bora.

Tumjibu kijana juu ya kazi yake ya kila siku. Mikono ndiyo ya kwanza: inawe kwa sabuni kabla ya kuugusa mpira na baada yake, kila mara, hata kama ni yeye mgonjwa mwenyewe. Mahali mpira uingiapo paoshwe kila siku kwa sabuni ya kawaida na maji safi, na kila baada ya haja kubwa ikiwa pamechafuka. Mrija wenyewe ufutwe kutoka mwilini kwenda nje, usifutwe kurudi ndani. Mwanamke aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma. Dettol, poda, marashi na mafuta havina kazi hapo, huchoma ngozi na huuharibu mpira. Na maji ya Tana yaletwayo kwa mkokoteni wa punda, yenye tope, yasitumiwe kama yalivyo. Yatulizwe, yachujwe na kuchemshwa, yaani yawe maji ambayo ungekubali kuyanywa.

Mfuko ukae chini ya kibofu usiku na mchana, wala usiguse sakafu. Twawaona watu wakiulaza kitandani ubavuni mwa mgonjwa, au wakimbebea begani wamwamshapo, na mkojo wote ukarudi ndani. Mzee alalaye juu ya mkeka ni vizuri atafutiwe kitanda, hata cha kamba, mfuko upate pa kuning'inia. Umwagwe kabla ya kujaa, ufikapo nusu au thuluthi mbili, kwani uzito wake huuvuta mpira. Mchana mfuko mdogo wa mguuni hufichika chini ya kikoi au macawis, na mtu akaenda sokoni na msikitini bila ya kujulikana. Usiku mfuko mkubwa wa lita 2 huungwa kwenye bomba la ule mdogo, bila ya kukifungua kiungo cha juu. Mfuko wa mguuni hubadilishwa takriban kila baada ya siku 7. Wako wanaouvua kila siku wakauosha kwa kupenda usafi. Nia yao ni njema, lakini kuuacha umeungwa kwa wiki ni salama zaidi.

Ama kuuvuta mpira usiku, twadhani si ukaidi wa mzee. Mara nyingi ni kuwa mpira haukufungwa pajani, basi kila ajigeuzapo humvuta, naye akiwa nusu usingizini huushika apate nafuu. Mpira ufungwe pajani kwa plasta au mkanda laini, uachwe ulegee kidogo, na kila siku ubadilishiwe paja. Kiputo kilichojaa maji kikivutwa kupita njia nyembamba huichana, damu hutoka, na baadaye njia hufanya kovu na kuzidi kuwa nyembamba. Mzee akianza kuchanganyikiwa ghafula, haijui nyumba yake, au anavuta nguo na mpira, wasiseme watu kuwa ni uzee tu au amepagawa. Kuchanganyikiwa kwa ghafula kwa mwenye mpira mara nyingi ni dalili ya ugonjwa ulioingia katika damu, na huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ni hivyo hivyo akipata homa, akitetemeka kwa baridi, akiumwa mgongo upande wa figo, au akitokwa na damu nyingi au mabonge.

Usiku mkojo ukikatika, tazameni kwanza kama mrija umejikunja au mzee ameulalia, kama mfuko uko juu kuliko kibofu, na kama amekwenda choo. Mkinyosheni, mkimgeuza, na bado ikapita muda wa saa 4 hapana kitu, au kabla ya hapo tumbo la chini likajaa na kuuma, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Hilo si la kungojea asubuhi. Msimsukumie maji ndani ya mpira ila mliyefundishwa. Msiukate mpira, wala msiuchomoe wenyewe. Ukichomoka, msiurudishe ule ule. Nendeni mkatiwe mwingine, na aliyetiwa tumboni afanye haraka zaidi kwani tundu lake hujifunga ndani ya saa chache. Na aliyevunjika uti wa mgongo sehemu ya juu, kama vijana wapatao ajali za barabarani, akishikwa ghafula na maumivu makali ya kichwa, jasho na uso mwekundu, aketishwe wima, mrija utazamwe, na aharakishwe hospitali, maana kibofu kilichojaa humpandisha presha hata kumwua.

Lipo kosa jingine ambalo hutendwa na watu wenye huruma. Waonapo mkojo umechafuka kidogo au wanuka, hukimbilia dukani wakanunua vidonge vya antibayotiki. Mtu akaaye na mpira kwa muda mrefu, mkojo wake haukosi vijidudu, na madamu hana homa wala maumivu, mara nyingi dawa yake ni maji zaidi. Vidonge vya ovyo haviviondoi vijidudu hivyo, huvifundisha ukaidi tu, hata siku ya ugonjwa wa kweli dawa isifanye kazi. Akiwa mgonjwa kweli, wauguzi huutoa mpira wa zamani kwanza, humtia mpya, na mkojo wa kupima wakauchukua katika mpya.

Kubadilisha mpira kuna wakati wake. Wa utomvu wa kawaida hukaa wiki chache, aghalabu hautakiwi kupita 4. Wa silikoni waweza kufika wiki 12. Siku mnapotoka hospitali ulizeni ni wa namna gani, na tarehe iandikwe ukutani. Huku kwetu tarehe hiyo ina shida ambayo nyinyi wa Mombasa hamna. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapa Garissa, na mgonjwa wa Dadaab yuko yapata kilomita 100, na wa Wajir zaidi ya 300. Mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Tana yaliikata njia ya Madogo, watu wakabaki ng'ambo. Basi msingoje siku ya mwisho khasa nyakati za mvua, na nyumbani kuwe na mfuko mmoja au miwili ya akiba. Ulizeni zahanati ya karibu kama yuko muuguzi wa kubadilisha. Mwanamke ana haki ya kumtaka muuguzi wa kike. Na kijana asione haya kumwosha baba yake. Kutazama kwa dharura ya matibabu kumeruhusiwa kwa kadiri ya haja.

Na suali ambalo kijana hakuliuliza, nalo ndilo alilopaswa kuanza nalo: mpira huu utatolewa lini? Watu wengi, maumivu yakisha, husahau kuwa mpira ulitiwa kwa kungojea tiba. Tezi dume ina dawa za kuilegeza njia, na ina upasuaji, na wengi baada yake hukojoa wenyewe. Wengine hufundishwa kujitoa mkojo kwa mrija safi mara kadhaa kwa siku, bila ya kukaa nao. Kila siku mpira ukaapo ndani, uwezekano wa ugonjwa huongezeka. Kwa hivyo kila mwendapo hospitali mwulizeni daktari kwa adabu, na asipokuwa na jibu, ombeni kupelekwa kwa bingwa wa njia ya mkojo, awe Nairobi au Mombasa.

Atakayeletwa Mombasa kwa basi, kwa njia ya Hola na Garsen, safari ni ya kutwa. Aumwage mfuko kabla ya kupanda, avae wa mguuni, akae karibu na mlango, na mwenzake amwambie dereva mapema kuwa yuko mgonjwa wa kushuka njiani. Achukue sabuni, chupa ya maji ya kunawia na nyingine ya kunywa, mfuko wa akiba, na ile karatasi ya hospitali yenye aina ya mpira na tarehe ya kutiwa. Maji anywe njiani kama kawaida. Na kwa kuwa yu msafiri, Adhuhuri na Alasiri azijumuishe pale basi lisimamapo, akitawadha kwa kila moja.